Mkono wa Swali la Tatu

Gari lenye kipaza sauti liliingia kwenye kota za askari, chini ya kilima cha Mbuya, Akidi akiwa anasonga ugali wa wimbi wa mchana. Sauti ilisema kwamba watu wazima wote wanaombwa kwenda uwanja wa mpira kutoa maoni yao kwa hiari, na kwamba nyumba zitakaguliwa kuona nani amebaki. Akidi aliepua sufuria, akamfunga mtoto wake Amito mgongoni, akafunga mlango. Hakuwa na wa kumwachia nyumba. Mumewe, Sajini Okot, alikuwa amechukuliwa mapema wiki ile na wanaume wawili wenye miwani ya jua na mashati ya maua, waliomkuta akipaka rangi viatu vyake wakamwambia wanamhitaji kidogo tu. Viatu vilikuwa bado vipo mlangoni, kimoja kinang'aa na kimoja bado.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa serikali ya kijeshi. Gazeti moja la Ulaya lilikuwa limeandika kwamba wananchi wa Uganda wamemchoka Rais wao, na Rais akaagiza apewe namba itakayomfunga mdomo mwandishi huyo. Alikuwa amesikia kwamba nchi nyingine zina namba za namna hiyo na zinazipata kwa kuuliza watu. Ikaundwa Ofisi ya Maoni ya Wananchi, mjini, kwenye ghorofa ambayo mwenyewe, Mhindi muuza vitambaa, alikuwa amefukuzwa nchini mwaka uliotangulia akaacha kalenda yake ukutani. Mkuu wa ofisi alikuwa Bwana Erinayo Otim, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa amesomea kazi hiyo ng'ambo na akafanya kosa la kurudi.

Erinayo aliandaa mpango safi. Wasaidizi wake wangekwenda Kibuli, Lubaga, Mbuya na kwingineko, nyumba kwa nyumba, wachague mtu mmoja kwa bahati nasibu, wamuulize faraghani, wasiandike jina. Mtu asiyeogopa, alieleza, husema ukweli. Kapteni aliyepewa kusimamia zoezi, ambaye jina lake linajulikana na halitatajwa hapa asije akadhani anakumbukwa kwa wema, alisoma mpango wote akiwa amesimama.

"Watu wawili ndani ya nyumba, mulango imefungwa, wanaongea mambo ya Rais," alisema. "Hiyo si maoni, bwana. Hiyo ni mapinduzi."

Ndipo ikaamuliwa kwamba maoni yatakusanywa uwanjani, mchana, kwa kuinua mkono, wote pamoja. Wangeanza na kota za askari, ambako watu wanajua kupanga mistari.

Na kweli walijua. Wake za askari wa kota zile, wengi wao watu wa kaskazini, walijua kwata kuliko baadhi ya makuruta, kwa kuwa walikuwa wakiishi nayo jikoni. Amri ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mwisho wake ulikuwa wa yule aliyeianzisha au wa aliyemzidi cheo, wala si wa mtu mwingine yeyote. Mtoto aliyeambiwa na baba yake asimame pale alisimama pale mpaka baba atoke kazini, mvua ikinyesha mama akamfunika na karai. Hakuna aliyeuita ukatili. Waliuita malezi.

Kapteni alipanda juu ya kreti ya soda. Erinayo alisimama kando yake, tayari kuhesabu.

"Wale wanaridhika na Rais, mukono juu!"

Mikono ikapanda. Erinayo akahesabu.

"Chini!"

Ikashuka.

"Wale wanaona kufukuza Wahindi imeleta faida, mukono juu!"

Watu waliokuwa wamepanga foleni ya sukari tangu alfajiri na kurudi na mifuko mitupu waliinua mikono. Erinayo akahesabu.

"Chini! Wale wanaona usalama iko muzuri, mukono juu!"

Hili lilikuwa swali la tatu na la mwisho. Akidi alikuwa mstari wa mbele. Aliwaona vijana wawili wenye miwani ya jua wameegemea mlingoti wa goli, akawaza kwamba labda ndio waliomchukua Okot, na labda mmoja wao angesema jioni kwamba mke wa yule sajini hana neno, mwacheni mumewe arudi. Alikuwa tayari kusema uongo mkubwa zaidi ya huo kwa ajili yake. Aliinua mkono wa kulia, akaunyoosha vizuri uonekane, akaona aibu.

Mikono yote ilikuwa juu na Erinayo anahesabu mstari wa mwisho wakati Peugeot nyeupe ilipoingia uwanjani na kusimama karibu na kreti. Vijana wa mlingotini walikwenda kumsalimia Kapteni, wakamshika huku na huku, wakamtia kwenye buti ya gari. Alikuwa mrefu, ikabidi wamkunje. Peugeot iliondoka taratibu kwa sababu ya mashimo. Baadaye ilisemekana alikuwa amekopa mke wa mtu mkubwa, wengine wakasema hapana, alikuwa amecheka mahali pasipochekewa. Hakuonekana tena, na habari zake zinaishia hapo.

Hakuwa amesema "Chini."

Watu walingoja. Erinayo alimaliza kuhesabu, akafunga kalamu, akaona kwamba wanamtazama yeye.

"Asanteni sana," alisema. "Mnaweza kushusha."

Lakini Erinayo alikuwa raia tu, mtu wa suti. Mikono haikushuka. Jua lilipoanza kuwachoma watoto, akina mama waliondoka uwanjani wakaenda kupika, mkono mmoja juu, na wanaume wakafuata.

Mkono wenyewe haukuuma wala haukuchoka. Ulikuwa juu, basi. Ukivutwa chini kwa nguvu ulikuja, na ukiachwa ulirudi mahali pake bila haraka. Daktari mmoja aliwapima watu kadhaa akasema ni mikono mizima kabisa, yenye damu ya kutosha. Watu walijifunza kula kwa kushoto wakiombana radhi. Walilala na mkono nje ya chandarua, na mbu wakaujua. Waislamu walisali hivyo hivyo, Wakatoliki waliokwenda Lubaga Jumapili walijifanyia ishara ya msalaba kwa mkono uliobaki, na padri akaendelea na misa. Askari waliokuwa uwanjani siku ile hawakuweza tena kupiga saluti, kwa hiyo walihamishiwa kwenye vizuizi vya barabarani, kusimamisha magari, kazi waliyoifanya vizuri kuliko wote waliowatangulia.

Aliyenufaika kidogo ni Katembo, Mkongo wa Beni, fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza ya duka lililofungwa. Alikuwa mtu wa kwanza kushona gauni lenye mkono mmoja unaofunguka mpaka kwapani kwa vifungo, ili mtu aweze kulivaa. Kabla ya hapo watu walikuwa wakikata nguo zao kwa wembe. Katembo hakuwa uwanjani, kwa kuwa mgeni hana maoni.

Wiki ile ile ya uwanja Akidi alikwenda langoni mwa kambi kumuulizia mumewe. Zamu ilikuwa ya Koplo Obwona, mtu wa kwao Kitgum, ambaye Jumapili nyingi alikuwa amekula nyumbani kwa Okot na kuomba mchuzi wa kuongezea. Siku ya uwanja alikuwa zamu, kwa hiyo mikono yake yote miwili ilikuwa chini. Walikuwa na lugha yao ya nyumbani, lakini Koplo alimjibu kwa Kiswahili, lugha ya kazi, mwenzake wa zamu asikie.

"Mama Amito, unatafuta nini?"

"Natafuta bwana yangu. Walimukamata hii wiki, hajarudi."

Koplo alitazama juu, kwenye vidole vya Akidi.

"Sasa mama, hii mukono yako inasema nini?"

Akidi naye akavitazama.

"Inasema usalama iko muzuri," Koplo alisema. "Wewe mwenyewe uliinua, hakuna mutu alikushikia. Kama usalama iko muzuri, mutu atapotea namna gani? Kwenda nyumbani. Atakuwa kwa bibi mwingine."

Mwenzake alicheka. Akidi alirudi nyumbani akilia waziwazi njia nzima, na waliokutana naye walidhani anapunga mkono, nao wakampungia.

Alikwenda tena, na tena. Kila alipokwenda jibu lilikuwa lile lile, na halikuwa jibu la kijinga, hilo ndilo lililomtia uchungu. Mkono ulikuwa wake. Alikuwa ameuinua. Wenzake wawili katika kota, ambao waume zao nao walichukuliwa baadaye, walijibiwa vivyo hivyo langoni wakakata tamaa mapema. Akidi hakukata. Alijua kwamba siku atakayofika pale na mkono chini, Koplo atalazimika kusema jambo jingine, lolote lile, na jambo hilo jingine ndilo alilokuwa akilitaka.

Alikwenda kwa Katembo akiwa amevaa gauni, akamwomba amshonee mkono wake ubavuni, uzi wa turubai, mara mbili. Katembo alishona akiwa na sindano kinywani na hofu ya kumchoma. Akidi alitembea hatua chache kutoka barazani. Nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine, bila kelele, na mkono ukapanda.

"Nilishona kwa nguvu yangu yote, mama," Katembo alisema. "Hii mukono inashinda cherehani. Uende kwa yule aliyeihesabu."

Akidi alikwenda mjini, akapanda mpaka kwenye ofisi yenye kalenda ya Mhindi. Erinayo alimpa kiti. Alikuwa amekonda. Matokeo ya kota yalikuwa yamempendeza Rais kiasi kwamba ofisi ilikatazwa kuuliza mahali pengine popote, wasije wakaiharibu namba. Ilikuwa asilimia mia, na ilikuwa ikisomwa redioni kabla ya taarifa ya habari. Gazeti la Ulaya lilipoandika kwamba namba hiyo haiaminiki, mwandishi wake alialikwa aje ajionee. Alikuja, akatembezwa kota zote, akaona mikono kwa macho yake mwenyewe.

"Bwana Otim," Akidi alisema, "ile siku mimi nilisema uongo. Nilikuwa naogopa. Usalama haiko. Andika kwamba Akidi alisema uongo, unitoe."

Erinayo aliinuka akafunga mlango, akafikiri, akaufungua tena. Mlango uliofungwa ulikuwa na hatari zake.

"Mama, nisikilize vizuri," alisema. "Ndani ya ile namba hakuna jina. Nyote mko mule, na hakuna mtu anajua nani ni nani. Hiyo ndiyo kinga yenu, mimi ndiye nilipigania iwe hivyo. Nikikutoa wewe peke yako, wataniuliza ni nani ametoka. Hapo utakuwa na jina."

"Bwana yangu ana jina. Okot. Hilo mbona walilijua?"

Erinayo alitazama meza. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukuwa umemsaidia mtu yeyote tangu arudi. Alimwambia kwamba meja mpya ataletwa kusimamia zoezi mahali pa Kapteni, mtu mwenye cheo kinachozidi cha yule wa kwanza, na kwamba yeye Erinayo atamwomba kwa kinywa chake atamke neno moja tu, "chini". Akidi alimshukuru kwa kupiga goti, kama desturi inavyotaka, akiwa ameshika ukuta asianguke.

Meja alifika mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa mcheshi, mnene, mwenye fimbo ndogo chini ya kwapa. Erinayo alimweleza mambo yote: amri iliyokatika katikati, watu wanavyolala, wanavyokula. Hakumtaja Akidi. Alieleza kwa unyenyekevu na kwa namba. Meja alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi siwezi lazimisha watu," alisema. "Hii serikali ni ya wananchi. Kama wanataka mukono ishuke au ibaki, tunauliza wao wenyewe. Si hiyo ndiyo kazi yako?"

Gari lenye kipaza sauti likapita tena. Watu wa kota walikwenda uwanjani kwa moyo mwepesi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Habari zilikuwa zimevuja kwamba kuna mkubwa amekuja kuwashushia. Akidi alikuwa amevaa gauni lake la kawaida, lile la mikono iliyoshonwa, akiwa amelikata upande mmoja kwa wembe, kwa kuwa alinuia, mkono ukishashuka, lishonwe upya aende nalo moja kwa moja langoni. Alisimama mstari wa mbele.

Meja alipanda kreti.

"Bwana Otim ananiambia nyinyi munachoka," alisema. "Sasa mimi nauliza. Wale wanataka mukono ibaki juu, mukono juu!"

Akawatazama. Mikono yote ilikuwa juu.

Watu walielewa polepole, mstari baada ya mstari. Wengine walijaribu kuuvuta chini kwa mkono wa kushoto, ukaja, wakashindwa kuushikilia, ukarudi. Mzee mmoja wa polisi alichuchumaa mpaka chini. Mkono wake ukabaki umesimama juu ya kichwa chake, na Meja akamwambia asijali, ameonekana.

"Bwana Otim. Hesabu."

"Mimi sitaki!" Akidi alisema kwa sauti kubwa.

Vijana wenye miwani ya jua, wapya, waliacha kuegemea mlingoti.

"Sitaki ibaki. Nataka ishuke."

Meja hakukasirika. Alimgeukia Erinayo kama anavyogeukiwa mtaalamu.

"Huyu mama anasema hataki, lakini mukono yake inasema anataka. Wewe ndiye umesoma. Mnahesabu nini, mudomo ao mukono?"

Erinayo alimtazama Akidi. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na Akidi alimwona akilitafuta. Akidi aliwaona pia wale vijana wameanza kutembea, bila haraka, na Erinayo akawaona.

"Tunahesabu mikono, afande," alisema.

"Basi hakuna shida," Meja alisema, akawapungia vijana warudi mlingotini. Akidi alijua kwamba neno lile lilikuwa limemwokoa, na alimchukia Erinayo kwa hilo, na hakuacha kumchukia.

Matokeo yalikuwa asilimia mia. Redio ilitangaza kwamba wananchi wa kota wameombwa wapumzike wakakataa.

Wiki chache baadaye Katembo alikwenda kutafuta mkaa upande wa barabara ya Jinja, karibu na msitu ule ambao kila mtu Kampala aliujua na hakuna aliyeutaja. Alirudi bila mkaa. Alimkuta Akidi nyuma ya nyumba, akaketi chini kabisa, mavumbini.

"Mama Amito," alisema, "nimeona suruali yenye kiraka nilishona mimi mwenyewe. Kwa goti. Ndani yake kuna mutu."

Walikwenda kumchukua mchana, kwa mkokoteni, wamemfunika na magunia. Kwenye kizuizi askari aliyesimama na mkono juu alikuwa jirani yao. Hakuwasimamisha, ila magari ya pande zote mbili yalisimama, wakapita katikati. Okot alikuwa amelala na mikono yote miwili ubavuni, kama anavyolala mtu aliyepewa amri ya kupumzika. Wanawake walimwosha kwa mkono mmoja mmoja, wanne wakifanya kazi ya wawili. Walizungumza juu ya mikono yake kwa sauti ya chini, kwa wivu kidogo.

Kumpeleka kwao Kitgum hakukuwezekana. Alizikwa kwenye bonde nyuma ya kota, udongo ukitupwa kwa kushoto. Wakati wa sala lori la jeshi lilipita barabara ya juu, likiwa limejaa vijana wanaoimba. Waliona umati umeinua mikono, wakashangilia na kupunga, na dereva akapiga honi mpaka alipopinda kona. Akidi alimshika Amito kwa kushoto akamngojea padri aanze upya.

Kesho yake asubuhi alikwenda langoni. Koplo Obwona alikuwa zamu, na mwenzake yule yule alikuwapo, akimenya ndizi.

"Nimepata bwana yangu," Akidi alisema.

"Wapi?"

"Musituni. Tumemuzika jana."

Macho ya Koplo yalilowa, hilo Akidi aliliona, na alingoja lile jambo jingine, lolote lile, alilokuwa amelifuata miezi yote hiyo. Mwenzake aliacha kumenya ndizi akamtazama Koplo.

"Basi hakupotea," Koplo Obwona alisema. "Mimi si nilikuambia, mama? Usalama iko muzuri."

Akidi aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, pale pale mbele yake, akauvuta mpaka kifuani, akaukandamiza kwa kidevu, kwa uzito wake wote. Koplo alimngojea kwa heshima mpaka ulipomshinda ukapanda tena, kisha akafunga lango.